Hajafika, Tuendelee

Usinifundishe mambo ya viongozi. Mimi Halimah nauza mukene, vile vidagaa vya ziwani, tangu binti yangu Fauziya ananyonya. Nazichukua Majanji, ufukweni huku Uganda, navuka nazo upande wa Kenya ambako wanaziita omena, na katika njia hiyo nimekutana na viongozi wa kila aina, wa suti na wa kanzu, wenye kutoa na wenye kupokea. Kwa hiyo mwenyekiti mpya wa sabukaunti yetu alipotangaza kwamba anakuja kujitambulisha kwa wananchi, yeye na watu wa ofisi yake, mimi sikuwa na haja ya kwenda. Anitambulishie nini tena? Uso wake ulikuwa umebandikwa mpaka kwenye mlango wa choo changu.

Nilikwenda kwa sababu ya Mama Sydney.

Mama Sydney ndiye Anjeline, Msamia wa huku Dabani. Meza yake sokoni imegusana na yangu. Yeye mtu wa kanisa, mimi mtu wa msikiti, lakini wateja walikuwa wanatuita pacha, kwa sababu ukimkuta mmoja umemkuta mwingine. Mumewe alishafariki. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Sydney Wanjala, kijana wa boda, mrefu, mwenye koti jekundu ambalo hakulivua hata jua la saa saba.

Wakati wa kampeni Sydney ndiye aliyembeba mwenyekiti. Nasema kumbeba kweli. Mwenyekiti mwenyewe, Provia Akiror, alikuwa mwalimu tu, Mteso wa Buteba aliyeolewa kwetu, hana gari, hana tajiri nyuma yake. Alikuwa na Sydney. Kila kijiji walifika wawili, juu ya pikipiki moja, vumbi mpaka kwenye kope. Akimaliza kuhutubia anageuka na kipaza sauti bado mkononi, anaita, "Sydney! Washa twende!" Watoto wote wanaitikia, "Washaaa!" Ikawa kama wimbo wa kampeni. Ukisikia watoto wanapiga kelele hiyo jirani, unajua mkutano umekwisha na mwenyekiti anakuja kwenu.

Sasa kwetu mtu haombi kura mikono mitupu. Sheria inakataza, kila mtu anajua inakataza, na kila mtu anapokea. Provia hakuwa na pesa za kugawa, akagawa chumvi. Pakiti moja kwa kila nyumba, ya kutoka upande wa Kenya kwa sababu kule ni rahisi. Ya kwangu niliipokea, nikaila, na mukene nilitia hiyo hiyo. Na nani aliyekuwa anaileta? Sydney. Hakupita mpakani ambako watu wa mpinzani walikuwa wamekaa macho. Alipita njia ya panya, pale mto Sio unapokuwa mwembamba, maji ya magotini.

Wiki ya kupiga kura alipita kwa mama yake, akala ugali amesimama. Mama akamwambia, "Kaa ule kama mtu." Akasema, "Mama, mwenyekiti anataka mzigo wa mwisho leo. Nakwenda, narudi." Huku kwetu hatukuona tone la mvua siku hiyo. Kumbe kule juu ilikuwa imenyesha, na mto ulishuka umejaa. Walimkuta chini, kwenye mawe. Pikipiki ilikuwa ubavuni kwake, na magunia bado yamefungwa nyuma kwa mpira, yamelowa, matupu. Chumvi yote ilikuwa imekwenda na maji.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penye maumivu. Ukoo wa Sydney una sheria yao. Waliiweka zamani, vijana wao walipoanza kufa kwa ajili ya magendo, huyu na petroli, yule na vipodozi. Wazee wakasema, anayekufa na mzigo wa njia ya panya hafanyiwi matanga. Hapigiwi ngoma, hakeshewi, na waliobaki hawanyolewi nywele. Anazikwa pembeni mwa migomba, watu wanarudi mashambani. Wanataka vijana waogope. Mimi sheria yao sigombani nayo, pengine imeokoa wengi. Lakini Sydney walimzika hivyo hivyo, kama mwizi, na mimi nikasimama pale na mtandio wangu mdomoni nisije nikatukana wazee wa watu.

Na Anjeline hakunyolewa. Wewe usiye wa kwao utasema nywele ni nywele. Kwao mama akifiwa ananyolewa, ndipo msiba unajulikana kuwa msiba, na ndipo unapata mahali pa kuishia. Yeye akabaki na nywele zake. Anakuja sokoni, anapanga mukene, anauza, wateja wanamwambia habari ya leo naye anajibu nzuri. Nilikuwa namtazama zile nywele zinavyoota, moyo unaniuma.

Alikwenda kwa Mzee Egessa, mkubwa wa ukoo. Mzee si mtu mbaya, ni mgumu tu. Alimwambia, "Mama Sydney, kama kijana alikuwa kazini kwa mtu, hiyo si magendo, hiyo ni kazi. Mwenye kazi aje aseme mbele ya watu, kwa kinywa chake, huyu alikuwa mtu wangu. Siku hiyo sisi tutapiga ngoma."

Ndipo akaenda kwa mwenyekiti. Alikuwa ameshinda, ameshakula kiapo. Nilimsindikiza, nikabaki nje. Anjeline aliniambia kwamba Provia alilia, akamshika mikono yote miwili, akasema, "Mama, ningekuja kwenye mazishi nikaogopa. Lakini nakuahidi. Siku ya kutambulishana, nikitaja watu wangu, nitamtaja na Sydney."

Njia nzima ya kurudi alikuwa anatabasamu. Tangu msiba sikuwa nimeyaona meno yake. Nikamwambia, "Mama Sydney, usishone nguo kabla ya kitambaa." Akasema, "Wewe Mama Fauziya mdomo wako huo, siku moja utakuponza."

Basi siku ikafika. Uwanja wa shule, mahema matatu, viti vya plastiki vya kukodi. Anjeline alivaa gomesi, gauni lake refu la rangi ya bahari, lile la Krismasi, na kitambaa kichwani. Tulikaa safu ya pili. Mbele yetu kulikuwa na Mzee Egessa na wazee wenzake, kofia magotini. Spika zilikuwa za Nasifu, ambaye pia ndiye mshereheshaji wa kila kitu hapa kwetu, harusi, maulidi, na mikutano ya serikali. Spika zake ukikohoa wanakusikia sokoni.

Nasifu akaanza. "Wananchi, leo ni kutambulishana. Ukiitwa unasimama, unapunga mkono, unakaa. Hakuna hotuba! Nawajua nyinyi." Watu wakacheka. Akaita diwani, akasimama, akapunga. Akaita katekista, akapunga. Akaita shekhe wetu, akapunga. "Mheshimiwa daktari wa mifugo!" Kimya. Watu wakageuza shingo. "Daktari wa mifugo! Haya, hajafika. Tuendelee." Mmoja nyuma akapiga kelele, "Hata ng'ombe wanamtafuta!" Hata Anjeline alicheka, akaniminya kiganja.

Kisha akasimama mwenyekiti. Sitasema uongo kwa sababu ya hasira, Provia anajua kuongea na watu. Hakujifanya mkubwa. Alisema, "Mimi ni yule yule mwalimu wenu. Mkinikuta njiani nisimamisheni." Akaanza kuwaita watu wa ofisi yake mmoja mmoja, na kila mmoja alimtajia na kwao. Bridgit, karani, binti wa Buteba, alisimama akapunga. Acen wa maendeleo ya jamii, akapunga. Mhasibu, mtu mmoja mwembamba, akapunga kwa aibu. Kila mara anasema, "Huyu ni mtu wangu, mkimhitaji njooni." Na kila akisema mtu wangu, nahisi vidole vya Anjeline vinakaza kwenye mkono wangu.

"Na huyu ni Ikwap, anayeniendesha sasa." Kijana mmoja mnene akasimama kule kwenye ua, karibu na pikipiki mpya ya ofisi, akapunga ufunguo.

Anjeline akanyoosha mgongo. Akarekebisha kitambaa chake. Nilijua, na yeye alijua, kwamba zamu imefika.

Mwenyekiti alitutazama. Wallahi alitutazama, macho yake yakatua kwa Anjeline. Halafu yakaruka, yakaenda nyuma kabisa, na mimi nikageuka kuona yanatazama nini. Vijana wawili wa yule mpinzani aliyeshindwa walikuwa wamesimama juu ya benchi, simu juu, wanarekodi. Mpinzani alikuwa amekwenda mahakamani, anadai kura zilinunuliwa kwa chumvi na anatafuta shahidi. Provia akisema Sydney alikuwa kazini kwake siku ile na magunia yale, kiti kimekwenda.

Akameza mate. Kipaza sauti kikatusikilizisha hata kumeza kwake.

"Naomba tusimame," akasema, "tukae kimya kidogo kwa ajili ya wote waliotutoka wakati wa kampeni."

Wote. Hivyo tu. Tukasimama kwa mamia, tukatazama viatu. "Asanteni. Tukae."

Tukakaa. Mzee Egessa mbele yetu hakugeuka, lakini niliona shingo yake inatikisika, hapana, hapana. Anjeline hakukaa.

"Mama, kaa," akasema Nasifu kwa upole. "Maswali ni baadaye."

"Sina swali," akasema Anjeline. "Nataka kutambulisha mtu. Mwenyekiti amesahau mmoja."

Provia alishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Mtoto wangu Sydney," akasema Anjeline. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka. "Alikubeba wewe kila kijiji. Sema tu alikuwa mtu wako. Mimi sitaki kitu kingine. Sema tu, mwenyekiti, wazee wasikie."

Nilimwona yule mwanamke anavyohangaika. Alimtazama Anjeline, akazitazama zile simu, akamtazama Anjeline tena. Ukiniuliza leo nitakuambia alitaka kusema. Lakini kutaka si kusema.

"Mama, pole sana," akasema. "Kijana alinibeba kama boda wengine walivyonibeba. Nilipanda, nikalipa. Hakuwa mtu wangu. Mambo yake ya mtoni, mimi siyajui."

Astaghfirullah! Damu ilinipanda kichwani nikaona uwanja mwekundu. Nilisimama, kidole tayari, mdomo tayari. Nilitaka kuwauliza wote pale, jamani, nani hapa hakula ile chumvi? Nyinyi wazee mliokaa mbele, wake zenu walitia nini kwenye mboga? Mnanyamaza hivyo, mnatazama chini kama kuku walionyeshewa! Lakini Anjeline alinivuta gauni mpaka nikakaa.

"Acha, Mama Fauziya," akasema. "Ameshasema."

Akakaa. Akafungua mkoba wake, akatoa leso, akaishika tu. Hakulia. Ningeomba alie, kuliko vile alivyokaa.

Mkutano ukaendelea, ndiyo, unashangaa nini? Watu walianza kuuliza habari za kisima na barabara, na Provia akajibu, lakini alikuwa anajibu kama mtu anayesoma ubaoni kwa mbali. Mara mbili Bridgit alimnong'oneza swali upya. Mimi sikusikia hata jibu moja. Nilikuwa nasubiri iishe nimpeleke mwenzangu nyumbani, nimpikie uji, nifunge mlango.

Wingu likaja kutoka upande wa Tororo, jeusi, na upepo ukaanza kuinua mahema. Viti vikaanguka. Watu wakainuka, mama wanafunga watoto mgongoni, wazee wanatafuta fimbo. Nasifu akakimbilia spika zake kuzifunika. Provia akasema harakaharaka, "Basi wananchi, asanteni, Mungu awabariki, tutaonana," akashuka jukwaani, kipaza sauti bado mkononi, akageuka kutazama zilikosimama pikipiki.

"Sydney! Washa twende, mvua hiyo!"

Spika za Nasifu ziliipeleka sauti hiyo mpaka sokoni. Na katoto kamoja, sijui ka nani, kalikokuwa mgongoni kwa mama yake, kakaitikia peke yake, "Washaaa!"

Hakuna aliyesogea. Mvua ilianza kupiga mabati ya shule, na bado watu walisimama. Ikwap alikuwa na ufunguo mkononi, hajui awashe au asiwashe. Provia alikuwa ameganda, mdomo wazi, mkono bado umenyooka kuelekea kule kwenye ua.

Na sisi sote, sote kabisa, tulikuwa tumegeuka kutazama kule.

Anjeline akainuka. Akageukia jukwaa. Hakuwa na kipaza sauti, lakini kila mtu alimsikia.

"Hajafika, mwenyekiti," akasema. "Tuendelee."

Ningependa kukuambia kwamba Provia Akiror alisema pale pale, nilimtuma mimi, alikuwa mtu wangu. Hakusema. Akakaa kwenye ngazi ya jukwaa, kwenye tope, na ile suti yake, akalia kwa sauti kama wanavyolia wanawake wa kwao Buteba wakifiwa, mikono kichwani. Wale vijana walikuwa bado wanarekodi. Mmoja wao alishusha simu, akaitia mfukoni. Mwingine hakushusha.

Mimi nilikuwa na matusi yangu tayari, nimeyapanga vizuri, na hata moja halikutoka. Nilimchukia, na nilimwonea huruma, vyote pamoja, na mpaka leo sijajua kipi ni kikubwa.

Mzee Egessa alivua kofia yake, mvua ikamnyeshea upara. Alikuja mpaka mbele ya Anjeline, taratibu, na fimbo yake inazama kwenye udongo.

"Mama Sydney," akasema. "Boda uliyempanda ukamlipa humwiti hivyo mvua ikija. Hivyo unaita mtu wako. Tumesikia." Akasimama kidogo, akajipangusa macho, sijui ni mvua, sijui ni nini. "Jumamosi tutamlilia mtoto."

Jumamosi wakapiga ngoma. Walikuja watu wa Dabani, wa Buteba, boda wote wa mpakani wakaja wanapiga honi tangu barabarani. Mwenyekiti alikuja bila pikipiki na bila Ikwap, kwa miguu, akakaa chini na wanawake jikoni akimenya ndizi, na hakuna aliyemwalika kuongea. Kesi yake ya mahakamani bado ipo, na ile video imesambaa kote. Hilo ni lake na Mungu wake.

Asubuhi yake wakamnyoa Anjeline, nyuma ya nyumba, upande wa migomba. Bibi mmoja wa ukoo ndiye aliyeshika wembe. Mimi si wa kwao, lakini aliniita nishike beseni la maji, na wazee hawakukataa. Nywele zilianguka, nyingi kuliko nilivyodhani, na mvi zilizokuwa hazipo mwaka jana.

Bibi alipokwenda kubadilisha wembe tukabaki wawili.

"Halimah," akaniita. Miaka yote hiyo ya kukaa meza moja hakuwahi kuniita kwa jina langu. "Siku ile alipoita. Uliniona nilivyogeuka?"

"Nilikuona."

"Sikugeuka kama nyinyi mlivyogeuka," akasema. "Mimi niligeuka kumtazama. Nilijua yuko pale kwenye ua, na lile koti lake, anawasha. Nilikuwa nataka kumwambia, usiendeshe mbio, kunateleza."

Nilichota maji kwa kiganja, nikammwagia kichwani, nikachota tena, mpaka bibi akarudi.